Je, Range Rover Inafaa kwa Safari za Kila Siku?

SWALI: Ninaendesha duka la pembejeo za kilimo jijini Nakuru, na ninaishi Kiamunyi. Kila asubuhi huwapeleka watoto shuleni kisha nikaenda dukani, na jioni hurudi nyumbani. Jumamosi huenda shambani Molo. Gari langu, Toyota Fielder, limechoka. Yadi moja ya Nairobi inauza Range Rover Sport ya mwaka wa 2017, ya dizeli, kwa shilingi milioni 6, na fedha hizo ninazo bila kukopa. Mume wangu anasema gari hilo litatufilisi. Mimi naona nimefanya kazi miaka mingi na ninastahili gari zuri. Nifanyeje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada, kuhusu kustahili sina neno. Fedha ni zako, umezitolea jasho, na starehe ya gari tulivu baada ya siku nzima ya kusimama dukani ni jambo la maana. Ninalolipinga ni gari hilo hasa kwa safari hizo ulizozitaja.

Lilipokuwa jipya, gari hilo liliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei unayoitishwa leo. Thamani ya gari hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nayo, kwa hiyo anayelinunua likiwa limetumika hulipa bei ya mtumba, kisha hulitunza kwa gharama ya gari la kifahari. Hapo mume wako ana hoja. Chukua tairi peke yake: Range Rover Sport nyingi huvaa saizi 275/45 R21, ambayo ubavu wake ni mfupi, na shimo moja la mtaani linaweza kupasua tairi na kupinda rimu kwa pigo moja. Saizi 265/65 R17 ya Toyota Prado ina mpira wa kutosha kulimeza shimo hilo, tena haikutumi Nairobi kuitafuta.

Tatizo kubwa zaidi ni dizeli. Magari ya aina hiyo huwa na chujio kwenye ekzosi linalonasa masizi, na masizi hayo huteketezwa gari likikimbia kwa mwendo mzuri bila kukatizwa, kwa muda wa robo saa au zaidi, hadi ekzosi ipate joto kali. Safari ya kutoka Kiamunyi hadi shuleni na dukani, yenye foleni na matuta, haifiki huko. Injini huanza kazi hiyo kwa kuongeza dizeli, unazima gari mbele ya duka kabla haijamaliza, na sehemu ya dizeli hiyo huteremka na kuchanganyika na oili, ambayo huwa nyepesi na kushindwa kulinda beringi za krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Injini ya dizeli ya lita 3.0 ya Range Rover inajulikana na mafundi kwa udhaifu uo huo wa beringi na krankshafti, na ikifa, hesabu yake ni ya injini nzima. Safari ya Jumamosi kwenda Molo itasaidia, lakini haiwezi kufuta makosa ya siku tano.

Kwa kuwa Molo kuna matope na kweli unahitaji gari la kuinuka, mimi ningetafuta Prado ya petroli ya lita 2.7. Ni nzito milimani na hunywa mafuta. Nalisema hilo wazi ili usije ukashangaa. Hata hivyo, haina chujio hilo la masizi, na fundi wa kuifungua yuko hapo hapo Nakuru. Ukiagiza kutoka Japani, kumbuka kwamba sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza.

Ikiwa moyo bado uko kwa Range Rover, tafuta ya petroli, utenge kando fedha za matengenezo kabla ya kulipa bei, wala usiguse fedha za kununua mbolea ya msimu. Mwombe muuzaji aliache gari mahali tambarare usiku kucha, ufike asubuhi kabla halijawashwa. Magari haya mengi hukaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Ukikuta kona moja imelala chini kuliko nyingine, basi hewa inavuja, na pampu inayoijaza imekuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Kisha mlete fundi wako mwenyewe, mwenye mashine ya kusoma kompyuta za gari hilo, na uitishe rekodi za kubadilisha oili. Asiyekuwa nazo, usimpe hata amana.