Waifai ya bure, pasiwedi moja, na ile hela ya dagaa

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma, wananipata Facebook. Juzi nilikuwa nasubiri meli ya Nansio bando likakata, nikaingia mgahawa flani jirani nikaagiza chai na chapati maana walibandika karatasi ukutani, waifai bure. Kwenye simu zikaja mbili jina lilelile, moja ina kufuli moja haina, nikabonyeza isiyo na kufuli ukafunguka ukurasa unasema ingia kwa Facebook ndo upate intaneti, nikaweka namba na pasiwedi, ikazungukaaa wee ikakataa, nikaachana nayo nikanywa chai yangu. Kesho yake wateja wananipigia, eti dada mbona unasema ile hela ya dagaa tuitume kwenye namba hii, halafu jina linakuja la mwanaume? Mmoja alishatuma ya magunia matatu. Na imeli nayo haifunguki. Mume wangu anasema waifai za bure zinanyonya kila kitu kwenye simu nisiguse tena. Ni kweli? Na hela yangu ya M-Pesa je?
Dada wa Mwaloni

JIBU: Dada pole sana, na huyo mteja wa magunia matatu mpe pole yake. Mumeo hajakosea kuogopa ila kamkamata siye.

Zamani kidogo angekuwa sahihi kabisa. Mwaka 2010 jamaa mmoja wa Marekani, Eric Butler, alitoa kiprogramu kinaitwa Firesheep, unakiweka kwenye kompyuta, unakaa mgahawani kwenye waifai isiyo na pasiwedi, kinakuletea orodha ya watu waliomo humo na picha zao, unabonyeza mmoja upo ndani ya Facebook yake. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu siku hizo Facebook walikuwa wanafunga kwa siri pale unapoandika pasiwedi tu, ukishaingia yaliyobaki yanapita wazi hewani. Butler mwenyewe alisema anataka watu washtuke, na walishtuka kweli, kufikia 2013 Facebook ikawa imefungwa mwanzo mwisho kwa kila mtu. Leo tovuti karibu zote zinaanza na https, maana yake mwenye waifai anaona umeenda Facebook ila haoni ulichoandika kule. Ni kama konda wa daladala, anajua umeshukia Makoroboi, ulichonunua sokoni hakijui.

Sasa wewe hukunyonywa, dada yangu, ulimkabidhi mtu mkononi. Ule ukurasa haukuwa wa Facebook. Hotspoti ya simu unaipa jina lolote unalotaka, hata mimi yangu naweza kuiita jina la huo mgahawa nikakaa meza ya tatu na soda, na simu yako ukishaizoesha mtandao wa wazi wenye jina flani, siku nyingine ikikutana na jina hilo inajiunga yenyewe bila kukuuliza. Ndo maana ukimaliza kutumia unaenda kwenye mipangilio unaambia simu isahau huo mtandao. Na zikija mbili zinafanana, muulize mhudumu ya kwenu ipi, usione aibu, chai umelipia.

Hapa naomba nikuulize bila kukuona. Pasiwedi ya Facebook na ya imeli ni moja, sivyo? Nimejua kwa sababu ukurasa ule uliomba ya Facebook lakini imeli nayo imeondoka. Na hili ndo linaloniudhi kuliko waifai zote za Mwanza. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani ilivamiwa zikatoka pasiwedi zaidi ya milioni 32, walikuwa wamezihifadhi hivyohivyo bila kuzificha, iliyoongoza ilikuwa 123456. Wezi wana madaftari ya namna hiyo mengi, hawakukisii wewe, wanachukua pasiwedi iliyovuja kule wanaijaribu huku na kule na mashine ndo inafanya hiyo kazi wao wamelala. Kwa hiyo ukitumia funguo moja kwa nyumba, stoo na kabati la hela, siku ikiokotwa sijui utalilia kipi kwanza.

Fanya hivi leo, kwa bando lako. Anza na imeli maana mwenye imeli ana kila kitu, akibonyeza "nimesahau pasiwedi" zote zinamfuata kule. Ikirudi badilisha pasiwedi, toa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitishaji wa hatua mbili (yaani mbali na pasiwedi inaomba na namba ya siri inayokuja kwenye simu yako), halafu ndo Facebook vilevile. WhatsApp nayo iwekee ile PIN ya tarakimu 6, na mtu yeyote akikupigia kwa sauti tamu anaomba namba ya siri iliyoingia kwenye meseji, hata akisema yeye ni huduma kwa wateja, kata simu. Weka tangazo status na upigie wateja wakubwa mmoja mmoja. Ile namba ya tapeli itume kwenda 15040, hiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na upige *106# uone kama kuna laini umesajiliwa usiyoijua. Mteja awahi mtandao wake wa simu, kisha polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Ila sikudanganyi, hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni shughuli.

M-Pesa: ukipiga *150*00# hupiti kwenye waifai kabisa, unapita mtandao wa simu, kwa hiyo chai yako haikuigusa. Labda PIN iwe mwaka wako wa kuzaliwa ambao uko pale Facebook anausoma.

SWALI: Nasoma Malimbe, niko field ofisi moja hapa mjini, wanatulazimisha kubadili pasiwedi kila mwezi. Mi nimefika Mwanza7. Kuna faida? Na VPN ya bure vipi?

JIBU: Haha, na mwezi ujao ni Mwanza8, tapeli hahitaji hata mganga. Wamarekani wa NIST, wale wanaotunga viwango, mwaka 2017 waliacha kushauri kubadilisha kwa kalenda, wanasema ubadilishe ukihisi imevuja, na kwamba urefu una nguvu kuliko kubanana na alama za ajabuajabu. Chukua maneno manne yasiyojuana, mfano kasia, mwiko, jumatano, kiroba, yaunganishe (sio haya, haya yameshachapwa gazetini). Ofisi yako siwezi kuibishia, ila usiongeze namba tu mwishoni. VPN, yaani programu inayopitishia intaneti yako kwa kampuni nyingine ili mwenye waifai asione unakoenda, ile ya bure kwa maoni yangu achana nayo, umemkwepa mwenye mgahawa umeenda kumpa mtu usiyemjua kazi ya kukuangalia, na yeye mshahara anautoa wapi?

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, niko Sengerema. Pasiwedi naandika kwenye daftari, wajukuu wananicheka. Tena mambo yangu ya imeli nafanyia steshenari. Nakosea?

JIBU: Shikamoo mzee. Daftari wala hujakosea, waache wacheke, mwizi wa mtandaoni hawezi kufika kabatini kwako Sengerema. Libaki nyumbani tu, lisikae kwenye mkoba wa safari, na PIN ya hela usiiandike kabisa hata huko.

Steshenari ndo pa kuangalia. Kaa kwenye kiti mwenyewe, usimtajie kijana pasiwedi akuandikie, kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi kataa, na ukimaliza usifunge dirisha tu, bonyeza ondoka. Mwaka jana nilienda kuprinti pale Nyegezi, nafungua Gmail niingie, nakuta ya dada mmoja iko wazi, barua ya maombi ya kazi, vyeti, kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, vyote. Nikamtoa. Kijana wa pale akaniuliza, "kwani bro imegoma?"