Kabla ya joto na baridi, nionyesheni baraza

Wiki iliyopita jarida hili lilituuliza sisi tuliozeekea Marekani: ukistaafu, utahamia kusini kwenye kiangazi cha moto, au utabaki kaskazini kwenye baridi kali? Nililisoma swali hilo ndani ya basi nikitoka shifti ya usiku, na kabla sijafika kituoni nilikwisha kulijibu. Baridi. Niko Minneapolis, jimbo la Minnesota kule kaskazini, mwaka wa 24 huu. Nina umri wa miaka 64, magoti hayanitii tena, na presha naituliza kwa vidonge viwili kila asubuhi. Mdogo wangu yuko Houston, Texas, na kila Jumapili akipiga simu wimbo wake ni ule ule: "Dada, hama huko, utaganda." Nami humjibu kama wanavyojibu wote wa huku: baridi utavaa, joto utavua nini?

Nimekaa kuliandika jibu hilo vizuri, kwa sababu zake, na naona kila nikisogea linaniponyoka.

Baridi siipambi. Tarehe 30 Januari 2019 hapa tulifika nyuzi 33 chini ya sifuri, hata posta ikasitisha kupeleka barua Minnesota nzima. Lakini watu wa huku wameijenga miji yao wakijua adui ni nani. Katikati ya mji majengo yameunganishwa kwa vivuko vya vioo juu ya barabara, unaweza kutoka benki hadi kliniki bila koti. Sheria ya jimbo inazuia kampuni za umeme na gesi kukukatia kati ya 1 Oktoba na 30 Aprili, mradi umepatana nao namna ya kulipa. Wazee wanaotaka kunyoosha miguu wanakwenda asubuhi Mall of America, lile jengo kubwa la maduka, wanazunguka humo ndani, wanarudi kwao. Mtu mzima anaweza kuishi.

Kusini je? Mwaka 2023 mji wa Phoenix, Arizona, ulipitisha siku 31 mfululizo joto likifika au kupita nyuzi 43, na mwaka huo kaunti yake, Maricopa, ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto. Wengi wa waliofia ndani kiyoyozi walikuwa nacho, ila kilikuwa hakifanyi kazi. Mimi kazi yangu ni nyumba ya wazee, na hili nalijua kwa mikono yangu: mzee hasikii kiu. Mwili umeshakauka na yeye anakuambia, niko sawa mwanangu. Ukiongeza zile dawa za presha zinazokojosha, joto linamwondoa kimya kimya. Na msidhani huko kusini baridi haiui. Februari 2021 umeme ulipozimika Texas wakati wa barafu, jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Mabomba ya mdogo wangu yalipasuka, wakalala familia nzima chumba kimoja wamejifunika kila nguo iliyokuwemo kabatini.

Hapo ningeweka nukta, nikasema nabaki. Linalonizuia ni ile Julai ya 2024.

Wifi yangu alikuwa amejifungua, nami nikachukua likizo nikaenda Houston kumwangalia arobaini yake. Mtoto alikuwa na siku 9. Nilikuwa nimebeba pilipili manga ya uji, na nimejipanga kumkanda mzazi kwa maji ya moto asubuhi na jioni kama alivyotukanda mama. Wanaishi apatimenti za kusini magharibi mwa mji, ghorofa ya chini, milango inatazamana chini ya ngazi. Siku nne za mwanzo sikuona jirani hata mmoja. Kulikuwa na magari, milango na mngurumo wa viyoyozi, basi.

Jumatatu ya tarehe 8, alfajiri, kikaingia kimbunga Beryl. Upepo ulilia kama mtu, miti ikalala, na kabla hakujapambazuka umeme ukakatika. Wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo lile walikosa umeme siku hiyo. Mchana upepo ukatulia, jua likatoka, na nyumba ikaanza kupika. Nikasema tufungue madirisha. Dirisha moja tu lilifunguka, la jikoni, na lilifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Mengine rangi ilikuwa imeyagandisha miaka na miaka, maana hakuna aliyewahi kuyahitaji. Nyumba ile haikuwa na pa kuvutia pumzi. Ilijengwa kwa kuamini kwamba umeme hauondoki.

Usiku ule sikulala. Mtoto alikuwa analia kile kilio chembamba cha kuchoka, wifi maziwa yanamchuruzika kwa jasho, mdogo wangu anazunguka na kipande cha boksi kumpepea huyu na yule. Nilikuwa nalowesha kanga na kumpangusa mtoto kwapani na shingoni, nikihesabu pumzi zake gizani. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, kuche.

Kulipokucha nikachukua mkeka nikautandika nje, mbele ya mlango. Pale chini ya ngazi pana sakafu ya saruji, ndogo, inayotazama mashariki, kwa hiyo tangu saa sita mchana ina kivuli. Nikamwagia maji sakafu ipoe, nikamkalisha mzazi ameegemea ukuta, nikampakata mtoto. Haikupita robo saa mlango wa mkabala ukafunguka. Akatoka bibi mmoja wa makamo yangu au kunizidi, kitambaa kichwani, akatutazama, akasema, "Mutoto iko na siku ngapi?" Kiswahili! Mtu wa Uvira, Kongo. Alikuwa ameishi mlango ule miaka mitatu, na wifi yangu alikuwa anadhani wale ni watu wa Haiti.

Akarudi ndani, akatoka na beseni la maji na kigoda. Hakuuliza tena kitu. Alimpokea mtoto kwenye mapaja yake, akawa anamchotea maji kwa kiganja, kidogo kidogo, kuanzia miguuni kupanda juu, huku akimwimbia kwa lugha ya kwao. Mtoto alinyamaza. Mimi mfanyakazi wa wagonjwa wa miaka yote hii nilibaki nimekaa na mikono mitupu, nimepumua kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Siku ya pili yake mabarafu ya friza yalikuwa yameyeyuka kwa kila mtu. Kijana mmoja wa Honduras akatoa jiko lake la mkaa, tukaliweka mbali kule kwenye maegesho, maana moshi wa mkaa ukiingia ndani unaua. Kila mlango ukaleta nyama yake. Bibi wa Uvira akachukua zamu ya kuchemsha maji ya kumkandia mzazi, nami nikamkanda, tumefunga kanga kwenye nguzo za ngazi kuwa pazia. Mdogo wangu alipanga foleni ya barafu saa tatu nzima, akarudi na mifuko miwili, mmoja tukampa mzee wa ghorofa ya juu aliyekuwa na insulini yake ya kuhifadhi. Mzee yule tulimteremsha akakaa nasi mchana kutwa, na kila nilipokunywa maji nilimnywesha na yeye, asitake au atake. Jioni tulikuwa watu kumi na tano pale chini ya ngazi. Watoto wanakimbizana, lugha nne zinasemwa kwa wakati mmoja.

Umeme ulirudi siku ya sita, usiku. Watu walipiga vigelegele. Kisha kila mtu akanyanyua kiti chake, milango ikafungwa, viyoyozi vikanguruma. Muda mfupi baadaye nilikuwa peke yangu juu ya mkeka, na beseni la bibi wa Uvira limebaki mlangoni petu. Nililirudisha asubuhi. Ilinibidi nigonge.

Nimesimulia marefu, mhariri anisamehe, kwa sababu mimi nimezaliwa Ngamiani, Tanga, na pale chini ya ngazi nilijua nimekaa mahali ninapopajua. Ile ilikuwa baraza. Bibi yangu alizeeka barazani. Alikaa pale tangu asubuhi, anachambua mchele, anaamkiwa na kila apitaye, anajua nani kasafiri na nani anaumwa, na siku asipotoka watu walibisha hodi kabla ya adhuhuri. Nyumba zetu zilijengwa hivyo: dari iko juu, ukutani pana matundu ya hewa, na mbele pana pa kukaa. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, kulikuwa na joto la kuivisha mtu, na joto lile ndilo lililotutoa nje. Joto la Houston linawafungia ndani. Nyuzi pengine ni zile zile, na unyevu wa bahari ni ule ule.

Basi nimejikuta naligeuza swali na kuiuliza Minneapolis yangu: baraza yangu hapa iko wapi? Mlango wangu unafungukia ukumbi mrefu wenye zulia. Nina jirani ninayemjua kwa viatu vyake tu, anaviacha nje ya mlango, buti za kahawia, mwaka wa 11 sasa. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Ile siku ya nyuzi 33 niliyoitaja juu kwa kujisifu, nilikaa ndani siku mbili nina joto, chai na mkate, na sikuuona uso wa mtu. Nilikuwa naiita amani. Leo sina hakika kama ndilo jina lake. Na ikiwa ningeanguka bafuni siku ile, wa kwanza kujua angekuwa msimamizi wangu wa kazi, kwa kuwa sikufika.

Wapo watakaosema, si urudi Tanga, kwenye baraza yenyewe? Nimelifikiria kuliko yote. Lakini Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani, hailipi matibabu ya Tanzania, wanangu na wajukuu wako huku, na barazani kwa bibi sasa pana duka la simu.

Uamuzi wangu wa leo ni huu, na nauandika nikijua nilianza na mwingine. Nitakwenda Houston. Nitakwenda nikiwa na 67, mafao yangu yakitimia, wala si kwa sababu ya jua. Nitahamia Oktoba, joto likishavunjika, ili niwe na miezi saba ya kuwazoesha watu kwamba mimi ni mtu wa kukaa nje. Julai na Agosti nitarudi huku kwa binti yangu, maana presha yangu naijua na sitaijaribu. Nataka nyumba yenye madirisha yanayofunguka, nitayafungua mwenyewe yote kabla sijatia saini. Ghorofa sijaamua: magoti yanataka chini, lakini mwaka 2017 kimbunga Harvey kilimwaga Houston mvua ya zaidi ya milimita 1,000 ndani ya siku chache, na waliokuwa chini ndio walioogelea. Na daktari akisema hapana, basi ni hapana, nabaki na buti za kahawia.

Nyumba ya pembeni ya bibi wa Uvira inaachwa wazi mwisho wa mwaka. Nimemwomba wifi anipimie ile sakafu ya mbele ya mlango, upana na urefu, na anitazamie kivuli kinaingia saa ngapi upande ule.