Kwa kijana anayetaka kwenda kupigana sumo Japani

Vijana wanaocheza mieleka wakisikia kwamba naishi Tokyo, swali lao la kwanza ni lile lile: inachukua miaka mingapi kuwa yokozuna, cheo cha juu kabisa cha sumo? Mdogo wangu, swali hilo liache kwanza. Tangu nianze kufuatilia sumo, mieleka ya Kijapani, nimeona wenye nguvu wengi wakiishia njiani huku wakiota kilele, wakati riziki ya kazi hii inategemea kuvuka ukuta mmoja tu, ule ulio kati ya madaraja ya makushita na juryo.

Madaraja ni 6. Unaanzia jonokuchi, unapanda jonidan, sandanme, makushita, juryo, na juu kabisa makuuchi yenye watu 42. Wanamieleka wote ni kama 600, lakini wanaolipwa mshahara wa kila mwezi ni 70 tu, yaani wale wa madaraja mawili ya juu. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, wa juryo anapata yen milioni 1.1 kwa mwezi. Wa makushita, hata akiwa nafasi moja tu chini yake, hana mshahara. Anapewa posho ya yen 165,000 kwa kila mashindano makuu, ambayo hufanyika kila baada ya miezi miwili, na wa jonokuchi anapewa 77,000. Chakula na malazi utavipata kwenye heya, nyumba ambamo wanamieleka wanaishi na kufanya mazoezi pamoja chini ya oyakata, mkuu wao, ambaye naye alipigana zamani. Kama nyumbani wanategemea uanze kutuma pesa mwezi wa kwanza, waambie ukweli kabla hujaondoka.

Tofauti haiishii kwenye pesa. Wa juryo ana watu wa kumhudumia, na wa chini ndio hao wahudumu wenyewe: wanapika, wanafagia, wanabeba mizigo yake, wanamsugua mgongo bafuni. Wa jonidan kushuka chini hutembea na yukata, vazi jepesi la pamba, na viatu vya mbao hata wakati wa baridi kali. Kula ni kwa ngazi. Wakubwa wanaanza, na wewe uliyepika unasimama nyuma yao kuwapakulia, ukila mwishoni kilichobaki kwenye sufuria. Kama ulikuwa nyota wa mtaa wenu, hapa ndipo moyo unapojaribiwa kuliko ulingoni.

Kabla hujaweka sahihi popote, nenda ukatazame mazoezi ya asubuhi; baadhi ya heya hupokea wageni wakiomba kwa adabu. Wadogo huwa uwanjani tangu alfajiri, hawajatia kitu tumboni. Angalia hasa zoezi la mwisho, butsukari. Mmoja anatoa kifua, mwenzake anamvaa na kumsukuma toka ukingo mmoja wa duara la udongo hadi mwingine, kisha anabwagwa, anabingirika huku amekunja kidevu asije akaumia shingo, anainuka, anarudi tena. Asubuhi moja nilimwona kijana ambaye miguu ilikuwa imegoma kabisa, mgongo mzima mchanga, pumzi inatoka kama kilio. Oyakata hakupaza sauti. Alisema neno moja tu: "Kiuno." Kijana akashusha kiuno, na lile jitu lililosimama kama ukuta likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Walipomaliza, wadogo walifagia udongo, wakakusanya mchanga kuwa kilima kidogo katikati ya duara, wakachomeka juu yake karatasi nyeupe za ibada. Ndipo wakaenda jikoni.

Kazi yenyewe hupimwa hivi. Mashindano makuu ni 6 kwa mwaka, siku 15 kila moja: matatu Tokyo, mengine Osaka, Nagoya na Fukuoka. Wa madaraja manne ya chini anapigana mara 7. Ukishinda 4 unapanda, ukishinda 3 unashuka. Kuanzia juryo unapigana kila siku, na ushindi unaouhitaji ni 8. Pambano lako la kwanza litakuwa asubuhi, ukumbi wa sumo wa Kokugikan, Tokyo, ukiwa na viti vitupu safu kwa safu, na ushindi ule una thamani sawa kabisa kwenye hesabu. Anayeshinda 4 kwa 3 mfululizo anafika mbali kuliko anayeshinda zote leo kisha akavunjika keshokutwa.

Kuvunjika si mzaha. Hakuna makundi ya uzito. Mwenye kilo 100 anaweza kukutana na mwenye 180. Na siku usiyopanda ulingoni inahesabiwa umeshindwa. Zamani aliyeumia ulingoni alilindiwa nafasi yake, lakini utaratibu huo uliondolewa mwishoni mwa 2003. Mimi naona ni kanuni ya kikatili, kwa sababu inawafanya watu wapigane na magoti yaliyofungwa bendeji wakati walipaswa kulala hospitali.

Terunofuji wa Mongolia alishafika ozeki, ngazi moja chini ya yokozuna, kabla magoti na kisukari havijamshusha hadi jonidan. Aliomba kuacha zaidi ya mara moja, oyakata wake akamkatalia. Julai 2020 alitwaa ubingwa wa makuuchi, na 2021 akawa yokozuna. Kinachonigusa hapo ni yule mzee aliyekataa kumwachia. Chagua oyakata, usichague jina la heya, kwa sababu kwa kawaida huruhusiwi kuhama isipokuwa heya ifungwe au iunganishwe na nyingine. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alikufa baada ya kupigwa ndani ya heya aliyojiunga nayo. Uliza maswali bila aibu: wangapi wametoroka hapa, aliyeumia anapelekwa wapi, nani anasimamia wadogo usiku.

Mwafrika wa kwanza kwenye sumo ya kulipwa alikuwa Mmisri, Osunaarashi, Mwislamu. Julai 2013 alipigana kwa mara ya kwanza juryo huku amefunga Ramadhani, akashinda mara 10 kati ya 15. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Nagoya, aliwaangusha yokozuna wawili, siku mbili mfululizo. Kwa hiyo kama dini ndiyo inayokutia wasiwasi, njia ipo. Zungumza mapema na oyakata kuhusu nyama ya nguruwe na saa za swala. Lakini safari yake ilikatika 2018 kwa kesi ya kuendesha gari bila leseni halali, na mwanamieleka haruhusiwi kabisa kushika usukani. Kanuni za nje ya ulingo zisome kama unavyosoma mkataba.

Ukitaka kubaki kwenye chama cha sumo kama oyakata baada ya kustaafu, sharti uwe raia wa Japani na upate moja ya nafasi 105 za wazee wa chama hicho.

Umri nao haukusubiri: mlango wa kawaida unafungwa ukitimiza miaka 23. Anza Kijapani sasa, na kila siku kaa chini, panua miguu, ulalishe kifua sakafuni. Kila heya inaruhusiwa mwanamieleka mmoja tu wa kigeni, kwa hiyo barua yako ya kwanza kwa oyakata iulize kama nafasi hiyo iko wazi, na kama ina mtu, ana umri gani.