Barua kwa mwanangu, kuhusu yule bosi wako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako nimezipokea. Unaniuliza kama ni dhambi kufurahi kwamba bosi aliyekufukuzisha kazi mwaka jana sasa naye amesimamishwa na kesi yake iko mahakamani. Mithali 24:17 unaijua tangu kipaimara: "Usifurahi, adui yako aangukapo." Kwa hiyo hilo umeshajijibu. Mimi nataka kujua jingine: siku alipotolewa ofisini, nani alikuwa naye?

Habari ya jirani wa ng'ambo ya mfereji unaijua, lakini nusu tu. Baba yako alipolazwa, yule bwana aling'oa usiku masale, ile mimea ya mpaka, akayapanda hatua tatu ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo, na wazee wakampa ushindi. Miaka miwili nilipita pale nikiuma meno. Kisha fedha za wakulima wa kahawa zikapotea katika chama alichokuwa mweka hazina, na asubuhi moja polisi wakaja. Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe. Nikautua mzigo barabarani, nikapiga vigelegele. Peke yangu. Wengine wote walikuwa kimya.

Walimtoa peku. Mkewe alikuwa nyuma anakimbia kuwafikia, viatu vya mumewe mikononi, kimoja huku, kimoja huku. Aliposikia sauti yangu alisimama, akanitazama. Na huyo ndiye mama aliyenichotea maji wiki nzima ulipozaliwa wewe. Adui haanguki peke yake, mwanangu. Nimekuambia mara ngapi? Adui haanguki peke yake.

Najua utanitajia Miriamu: Farao alipozama, si alishika tari, wanawake wakamfuata wakicheza? Kweli. Hata mimi nilicheza Aprili 1979, redio iliposema Kampala imetekwa. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera Oktoba 1978, yakavunja daraja la Kyaka, watu wakayakimbia makwao. Tusicheze kwa nini? Furaha ile siitubu. Lakini nilifurahi kwa sababu watu watarudi nyumbani, au kwa sababu Amin anakimbia? Zote mbili, nikisema kweli. Na Askofu Festo Kivengere, ambaye askofu wake mkuu, Janani Luwum, aliuawa Februari 1977, naye mwenyewe akaikimbia Uganda, alisema hadharani kwamba amemsamehe Amin. Nilipolisikia nilikasirika. Nilimwona anasamehe deni la watu wengine. Sasa sijui. Hapana, najua: deni lilikuwa lake pia.

Hata mstari wa 18 ulinisumbua miaka mingi: usifurahi, Bwana asije akaigeuza hasira yake kutoka kwa adui yako. Basi ninyamaze ili mwenzangu aendelee kuchapwa? Mchungaji alinieleza, sikuridhika. Nilichoambulia ni kwamba shauri limeshatoka mikononi mwangu, na nikishangilia nalirudisha.

Kuhusu bosi wako, ulimi unaniwasha. Aliyokutendea nayakumbuka yote, hata yale uliyonificha ukamwambia dada yako. Lakini wewe ni mtu mzima, sikuamulii. Ila yale uliyoyaandika kwenye kundi la WhatsApp nimeonyeshwa, na kama ningekuwa mimi... basi, naacha.

Siku ile bibi yako alivisikia vigelegele akiwa jikoni. Hakunigombeza. Alichuma isale, akaniwekea mkononi, akarudi kumenya ndizi. Unajua mtu akiletewa isale maana yake nini: anaombwa msamaha. Nililiweka kwenye ndoo ya maji siku tatu, kila asubuhi nikilitazama na kutafuta kazi nyingine ya kufanya.

Siku ya nne nilienda. Mama yule alikuwa anachambua maharage uani. Alilipokea isale, akaliweka mapajani, akaendelea kuchambua bila kusema neno. Nikakaa, nikachambua naye mpaka ungo ukaisha. Vile viatu vilikuwa mlangoni, vimepigwa kiwi, vinamsubiri mwenyewe.

Mama yako