Ukitaka kupiga picha mahame ya Saskatchewan, anza kwa hodi

Mara ya kwanza nilipofika kijiji cha Robsart, kusini-magharibi mwa Saskatchewan, jimbo la nyika la Kanada, nilisimamisha gari, nikachomoa kamera na kuanza kufyatua. Maduka yenye madirisha matupu, nyumba za mbao zilizoinama, nyasi, upepo, wala hakuna mbwa wa kubweka. Baada ya kama saa nzima nikaona pazia limetikisika kwenye nyumba moja. Kumbe watu bado wapo! Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kupiga hodi hata kwenye banda la kuku, nilikuwa nimezungukazunguka uani kwa watu bila salamu.

Mahame ya huku yana wenyewe. Nyumba iliyohamwa mara nyingi imo ndani ya shamba la ngano au kanola, zao la mbegu za mafuta, la mtu aliye hai, na huenda alizaliwa humo humo. Tena tangu Januari 1, 2022 sheria ya Saskatchewan inakutaka upate ruhusa kabla ya kukanyaga ardhi ya mtu vijijini, hata kama hakuna uzio wala kibao. Kwa hiyo nenda kwenye nyumba ya karibu yenye gari nje, bisha hodi, jieleze. Nimekataliwa mara mbili tu katika miaka yote hii, na mara zote mbili nilikuwa nimefika wakati wa mavuno, kosa langu.

Ukielewa vijiji hivi vilikufaje, utajua pa kuvitafuta. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, na reli ya Canadian Pacific ikakamilika mwaka 1885. Mkulima alipeleka ngano kwa gari la farasi na alitaka kurudi kwake siku hiyo hiyo, basi vijiji vikaota kando ya reli kila baada ya kilomita 10 hadi 16, kila kimoja na elevata yake, yaani ghala refu la mbao ambamo nafaka hupandishwa juu kisha humiminwa kwenye mabehewa. Mwaka 1933 elevata hizo zilikuwa zaidi ya 5,700 katika majimbo matatu ya nyika ya Kanada. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930, yakaja malori, mashamba madogo yakamezwa na makubwa, na matawi ya reli yakang'olewa. Reli ikiondoka, elevata hufungwa, na duka, shule na posta havikawii kufuata. Kwa hiyo mimi hufungua picha za setilaiti nikatafuta tuta lililonyooka lisilo na reli juu yake, nikalifuata kwa kidole. Asiye na subira hiyo aanze na Barabara ya 13, ambayo kipande chake kinaitwa kabisa Ghost Town Trail, yaani Njia ya Mahame.

Njia za mashambani zimechorwa kama daftari la hesabu: zinazokwenda kaskazini na kusini ziko kila maili moja, za mashariki na magharibi kila maili mbili. Kupotea ni vigumu. Kukwama ndiyo rahisi. Kuna udongo wa mfinyanzi ambao wenyeji wanauita gumbo. Mvua ya dakika kumi tu, na magurudumu yanageuka maandazi. Ulinikamata Juni moja, simu haina mtandao, nikatembea hadi nikampata mzee mmoja mkulima aliyekuja kunivuta kwa trekta. Akaniuliza nimefuata nini. Nikamwonyesha elevata. Akazima trekta, akanipeleka ndani mwenyewe hadi kwenye mzani ambao baba yake alipimia ngano, akanionyesha hesabu zilizoandikwa kwa penseli ukutani. Peke yangu nisingeziona hata kidogo.

Ndani usiingie bila mtu anayelijua jengo. Sakafu zimeoza, na visima vya zamani vimefichwa na nyasi, kwa hiyo mimi hutembea na fimbo kama mchunga ng'ombe. Ukiona kinyesi cha panya, toka. Panya wa huku hubeba virusi vya hanta, unavivuta pamoja na vumbi, na vinaua.

Kuhusu kamera nina machache. Lenzi pana ikiwa karibu huifanya elevata ionekane inaanguka chali. Rudi nyuma, nafasi ya kurudi nyuma ndicho kitu ambacho nyika haikunyimi. Jua la saa sita mchana huua kila kitu. Mwezi Juni huku Regina jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mwanga ule wa mwisho ukipita kwa ubavu, maandishi ya rangi yaliyofifia kwenye mbao huibuka upya. Wakati wa baridi weka betri ya akiba mfuko wa ndani, kwenye joto la mwili, la sivyo itazima kabla hujapiga picha tano.

Na usitangaze mahali penyewe. Niliwahi kuweka mtandaoni picha ya nyumba moja pamoja na ramani yake. Mwaka uliofuata vitasa vya shaba vilikuwa vimeng'olewa, na jiko la chuma halipo.

Yule mzee wa trekta nilimpelekea picha zilizosafishwa, kubwa, kwenye karatasi nzuri. Aliitazama ile niliyojivunia kuliko zote, elevata na wingu la mvua nyuma yake, akakuna kidevu. "Umekikata choo," akasema. "Kijiji kizima tulikuwa tunapanga foleni pale." Nilirudi majira yaliyofuata kukipiga picha. Kilikuwa kimeshaanguka.