Hyper, hypo na figo zenye majina mawili

SWALI: Habari za kazi dada. Mi nasomea uuguzi mwaka wa kwanza na haya maneno ya Kiingereza yananitoa jasho kwakweli. Juzi kwenye tesiti nimeandika hypoglycaemia ni sukari kupanda, nikala sifuri. Halafu figo mara waseme renal mara nephro, kwani zina majina mangapi? Au nikariri tu yote?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Pole mdogo wangu, ila usikariri utapasuka kichwa bure. Hayo ni vipande vimeungwa, kama sisi tunavyounga ni-na-ku-penda, ukishika kipande kimoja unakutana nacho kwenye maneno kibao. Chukua hilohilo lililokunyima maksi: hypo ni Kigiriki, chini, glyk ni utamu, na -aemia ni hali ya damu, yaani utamu umeshuka kwenye damu, basi. Ukisahau kumbuka hypodermic, ile sindano inayoingia chini ya ngozi, maana derma ni ngozi. Hypo ikishakaa chini, hyper haina pa kwenda ila juu, ndo hypertension, presha ya kupanda.

Figo sasa. Mgiriki anaita nephros, Mlatini ren, na Kiingereza hakikuchagua kikabeba zote mbili. Mara nyingi (sio sheria) ugonjwa au fani ya daktari inapewa Kigiriki, nephritis, nephrology, ila mishipa na viungo vyenyewe ni Kilatini, ndo maana renal artery.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hizo lugha mbili ni ndugu, na pale Mgiriki anapoanza na h Mlatini mara nyingi anakuwa na s: hyper na super, hypo na sub, hepta na septem, zote maana yake saba, ile iliyomo ndani ya Septemba, maana zamani Warumi mwaka wao ulianza Machi, hivyo Septemba ilikuwa mwezi wa saba.

Ila chunga ped. Pedeli ya baiskeli imetoka kwenye Kilatini, mguu, lakini pediatrics ni Kigiriki, mtoto, hazihusiani kabisa. Mi mwenyewe niliwahi kumwambia jirani kwa kujiamini kwamba pediatrician ni daktari wa miguu, akamchukua mama yake, bibi wa miaka sabini na kitu kifundo kimevimba, wakakaa foleni asubuhi nzima katikati ya vichanga.