Barua kwa mwanangu: saini mbili juu ya Fantastic Four namba 52

Marahaba, mwanangu.

Picha zote zimefika na nimezikuza mpaka macho yameniuma. Umeniuliza kama ununue hiki kitabu cha katuni, Fantastic Four namba 52 cha Julai 1966, chenye saini za mwandishi wake Stan Lee na mchoraji wake Jack Kirby juu ya jalada. Unasema saini hizo zimepandisha bei karibu mara tatu, kwamba kuna cheti, na kwamba muuzaji anataka jibu kabla ya Jumapili. Kitabu nunua ukikipenda. Saini usizilipie hata senti moja.

Najua kwa nini moyo wako umekwenda huko. Humo ndimo Black Panther alimotokea kwa mara ya kwanza. Lee na Kirby, wote wawili watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi waliokulia New York, walibuni mfalme Mwafrika mwenye maarifa na mitambo ya kuwashangaza hao mashujaa wanne, wakati nchi zetu ndiyo kwanza zilikuwa zimepandisha bendera zake. Dukani kiliuzwa senti 12. Nakumbuka ulivyokuwa ukikitazama kwenye makabati ya vioo tulipokuwa tukienda maonyesho ya komiki kule Minneapolis. Mghushi anaijua hiyo hamu yako, na bei yake ameipanga juu yake.

Sasa tuziangalie saini zenyewe. Unajua kazi niliyoifanya kabla hatujahama: kaunta ya benki, enzi za hundi. Hundi ikiletwa, unatoa kadi ya mteja yenye saini yake ya mfano, unaziweka pamoja. Nilizoea kuzigeuza zote mbili juu chini. Ukisoma jina, jicho linakudanganya, kwa sababu linaona linachotarajia kuona. Ukiligeuza, jina linapotea na mistari inabaki. Fanya hivyo na picha ya tatu uliyonitumia. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe hafikiri. Mkono unateremka kwa kasi, kalamu inagusa karatasi ikiwa tayari inakwenda na inaondoka ikiwa bado inakwenda, kwa hiyo mwanzo na mwisho wa mstari huwa mwembamba. Anayeiga anachora. Anaanza kwa kutua, anamaliza kwa kusimama, na katikati anapumzika kutazama mfano wake. Saini yako ya Kirby ina vichwa butu mwanzo na mwisho wa kila herufi, na kwenye ile "b" kuna kitone cha wino mahali ambapo mkono wenye haraka usingesimama. Unene wa mstari haubadiliki popote, si kwenye kupanda, si kwenye kushuka.

Jambo la pili ni mkunjo ulio karibu na mgongo wa kitabu. Muuzaji anasema mjomba wake alisainiwa na Kirby mwaka huohuo wa 1966, kitabu kikiwa kipya, kisha Lee akaongeza yake miaka ya tisini kwenye maonyesho. Tazama mkia wa ile "y" unapovuka mkunjo. Wino umeingia kwenye nyuzi za karatasi iliyopasuka na kutawanyika kama mizizi midogo. Karatasi iliyosainiwa ikiwa nzima na kukunjwa baadaye hupasuka pamoja na wino wake, na katikati ya ufa unaona weupe. Huyu alisaini juu ya ufa. Basi kitabu kilikuwa kimeshachakaa kabla ya kusainiwa, na hadithi ya kitabu kipya imekwisha hapo. Halafu saini mbili zinazodaiwa kupishana karibu miaka thelathini zina weusi uleule, unene uleule na kung'aa kulekule. Maka za Sharpie zilianza kuuzwa 1964, kwa hiyo kalamu yenyewe haimfungi mtu. Lakini wino wa maka hufifia kwa mwanga na kwa miaka, na huu wa Kirby haujafifia hata kidogo.

Ya Lee ni ngumu zaidi kuikataa, na ndiyo sababu inaghushiwa sana. Aliishi mpaka Novemba 2018, akiwa na miaka 95, akizunguka kwenye maonyesho karibu hadi mwisho, akisaini vitabu kwa maelfu. Kwa hiyo hakuna anayeshangaa kukuta saini yake. Saini ya mtu pia hubadilika akizeeka au akiugua. Benki tulikuwa tunawaita wazee waje kubadilisha kadi. Usilinganishe saini inayodaiwa kuwa ya miaka ya tisini na ile ya mzee ambaye macho yameshafifia. Tafuta mifano ya muongo uleule. Na ukikuta mfano unaolala sawasawa juu ya ile yako, mstari kwa mstari, ogopa zaidi, kwa sababu hakuna binadamu anayeandika jina lake mara mbili kwa namna moja. Hiyo itakuwa imefuatishwa juu ya mwanga, au ni muhuri. Mwaka uleule wa 2018 zilikuwa zikiuzwa Las Vegas komiki za Black Panther zilizogongwa muhuri wa saini ya Lee kwa wino ulioelezwa kuwa una damu yake. Watu walizinunua.

Kuhusu cheti sina mengi. Ni karatasi iliyosainiwa na mtu mwingine usiyemjua. Miaka ya tisini FBI walipofuatilia mtandao wa saini bandia za wanamichezo kule California, bidhaa zile zilikuwa na vyeti vyake. Walikuta hata mipira ya besiboli yenye "saini" ya Mama Teresa.

Muuzaji amekwambia kwamba unaweza kukipeleka CGC, kampuni inayokagua komiki na kuzipa madaraja, baadaye wakakipa lebo ya njano. Hilo si kweli, na ama halijui, ama anakuchezea. Lebo ya njano ya CGC inatokana na shahidi wao kuwepo na kuona kalamu ikiandika. Kampuni ilianza kazi mwaka 2000. Kirby alifariki Februari 1994. Hakuna shahidi wao aliyewahi kukaa naye mezani. Saini isiyoshuhudiwa kwao kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa maandishi tu juu ya jalada, na kitabu kimeweza kuishia na lebo ya kijani, ya kitabu chenye kasoro, ambayo wanunuzi wengi huikwepa. CBCS, kampuni nyingine ya aina hiyo iliyoanza 2014, wanakubali kulinganisha saini za zamani, lakini unachopata hapo ni maoni ya mtaalamu, na kwa mistari hii niliyoiona sitegemei akupe maoni mazuri.

Kuna kitu kinaniudhi kuliko pesa. Ikiwa ni za kughushi, mtu amechukua kitabu kilichoponea kwenye masanduku na vyumba vya chini tangu 1966 akakichafua kwa maka, na wino huo hautoki bila kuharibu jalada. Kirby alichora kurasa zile kwa malipo ya kila ukurasa na alipigana miaka mingi kurudishiwa michoro yake. Kuandika jina lake hapo kwa uongo ni kumwibia tena.

Kwa hiyo mjibu leo, usingoje Jumapili. Mwambie utakilipia kama kitabu chenye maandishi kwenye jalada, yaani chini ya bei ya kisichosainiwa chenye hali hiyohiyo. Omba kwanza picha ya kila ukurasa, maana wengi husahau kuhesabu kurasa. Watu wamelilia Incredible Hulk namba 181 ya 1974 walipogundua ile stempu ndogo iliyochapwa ndani, ambayo wasomaji waliambiwa waikate na kuikusanya, imekatwa. Omba pia picha ya pini za stepla kwa ndani uone kutu, na ya maandishi madogo ya mchapishaji, kwa sababu siku hizi Marvel, wachapishaji wenyewe, huchapa upya matoleo ya zamani na matangazo yake yote. Akikataa bei, achana naye, tafuta kisicho na saini yoyote. Mimi nitakuongezea kidogo, ila nitumie picha kabla hujatuma hela.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako